Forester XT kutoka Japani: kabla ya kuongeza busti, malizana na maji, oili na mkanda

Mkuu, hongera kwa gari. Kwa ulivyoandika, ni Subaru Forester XT ya 2005 yenye turbo (ile feni inayosukumia injini hewa zaidi; presha ya hewa hiyo ndiyo busti), umeitoa bandarini miezi miwili iliyopita, na sasa unataka kuifunga blo-ofu (valvu inayotoa nje hewa ya turbo ukiachia mafuta), egzosi ya wazi na programu mpya ya kompyuta ya injini ili ichangamke. Halafu kwenye mstari wa mwisho ukagusia kwamba ukipanda mlima mshale wa joto unanyanyuka kidogo, na oili "inapungua ila si sana". Mimi naanza na huo mstari wa mwisho, maana ndio utakaoamua kama mwakani bado utakuwa na gari.

Ninayo ya aina hiyo hiyo, bodi ya SG5, gia za mkono, huu mwaka wa saba niko nayo hapa Arusha. Hamu yako naielewa kabisa. Sisi wa huku tulilipenda jina la Subaru kabla hatujajua kushika usukani: Safari Rally ya 1997 aliichukua dereva Colin McRae na Subaru Impreza, mwaka 2000 akaichukua Richard Burns na Impreza vilevile, na habari zilivuka mpaka wa Namanga kutoka Kenya siku hiyo hiyo. Injini yako, EJ20 ya turbo, ilitoka kiwandani na farasi 220, na ukiikanyaga inaitika. Ila haisamehe uzembe kwenye maji, oili na mkanda wa taimingi.

Tuanze na joto. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, abiria wanne, AC inafanya kazi. Katikati ya kona mshale ukaanza kupanda. Nikazima AC, nikafungulia hita mpaka mwisho, nikafika taratibu pale juu watu wanaposimama kuangalia Ziwa Manyara. Rizevu tenki, yaani kitanki cha plastiki cha maji ya akiba, lilikuwa limejaa mpaka linamwagika, wakati injini yenyewe ina upungufu wa maji. Nilihangaika wiki nzima kabla ya kujua sababu. Subaru ya turbo ina vifuniko viwili vya maji: kimoja juu ya rejeta, kingine kwenye kitanki kidogo cha chuma kilicho juu karibu na turbo. Kwa macho vinafanana sana, lakini presha zake si sawa na kazi zake si sawa. Fundi aliyenibadilishia maji alivichanganya, cha huku akakiweka kule. Mfumo ukawa haushiki presha inavyotakiwa na maji yakitoka kwenda rizevu hayarudi. Nilivirudisha mahali pake na joto likaisha. Kwa hiyo wewe anza hapo, haigharimu kitu: soma namba zilizoandikwa juu ya vifuniko. Na ukijaza maji, jaza kupitia kile kitanki cha karibu na turbo kwa sababu ndicho kilicho juu kuliko vyote. Ukijazia kwenye rejeta peke yake hewa inabaki ndani, na hewa ndiyo inayochemsha gari.

Kama vifuniko viko sawa, angalia rizevu injini ikiwa imepata moto. Mapovu yakipanda mfululizo, hasa ukikanyaga mafuta kidogo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, yaani gasketi ya silinda hedi inakuaga. Mafundi wazuri wana ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi huo. Pima kwa hiyo dawa kabla mtu hajakufungulia injini.

Na tafadhali sana, usikubali kutolewa thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Najua utaambiwa "huku kwetu kuna joto, haina kazi". Ina kazi. Thamostati ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 78 hivi. Ukiiondoa, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ikiona injini ni baridi inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha kuta za silinda na kushuka kuchanganyika na oili. Nimeona gari ya jamaa yangu, oili imekuwa nyepesi kama maji na inanuka petroli, na alikuwa anajisifu kwamba mshale wake haupandi kabisa. Weka kulanti halisi (maji maalumu ya kupozea injini), achana na maji ya bomba, na thamostati iwe ya Subaru yenyewe.

Oili sasa. Injini hii inabeba lita nne na kidogo. Kwenye stiki, kutoka alama ya juu mpaka alama ya chini ni kama lita moja. Ina maana ukifika alama ya chini umeshapoteza karibu robo ya oili yote, na taa ya dashibodi bado haijawaka. Ukikata kona kwa kasi katika hali hiyo, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi za konrodi zinasagana. Ukisikia mlio wa chuma kugonga kutoka chini injini ikipata moto, imeshanoki, yaani beringi zimekufa. EJ nyingi hufa hivyo, na lawama inapelekwa kwa turbo. Turbo ya zamani kunywa oili kidogo ni kawaida. Kosa ni kutopima. Mimi napima kila Jumamosi asubuhi gari ikiwa baridi na imesimama mahali sawa, naandika kwenye daftari linalokaa kwenye droo ya gari. Nabadilisha kila kilomita 5,000, natumia 5W-40, na nanunua kwa wakala ninayemwamini kwa sababu oili feki zimejaa.

Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi hawakijui. Fuata lile bomba jembamba linalopeleka oili kwenye turbo. Limefungwa kwa boliti yenye tundu katikati, inaitwa banjo, na kwenye nyingi ya hizi injini ndani ya hiyo boliti kuna kichujio kidogo cha waya, saizi ya ncha ya kidole kidogo. Ikiwa mwenye gari wa kwanza alichelewesha oili, kile kichujio kinaziba kwa masizi na turbo inakufa kwa kiu huku injini ina oili ya kutosha. Changu nilipokitoa kilikuwa cheusi, nikikielekeza kwenye jua naona matundu machache tu. Kisafishe au weka kipya, na kila ukifungua badilisha washa zake za shaba.

Mkanda wa taimingi utabadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda huo mmoja unazungusha kemshafti nne (shafti zinazofungua valvu), na ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Usiamini kilomita za dashibodi peke yake. Fungua boneti utafute kibandiko cha Kijapani. Gereji za kule zina desturi ya kubandika tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Elekeza kamera ya simu, itakutafsiria. Kama hakuna kibandiko, chukulia haujawahi kubadilishwa na ununue seti nzima: mkanda, tenshena (kikaza mkanda), beringi zote na wota pampu. Mara nyingi beringi ndiyo hukwama kwanza, ikaondoka na mkanda mpya.

Sasa nije kwenye blo-ofu, na hapa naomba unisikilize. Mwaka wangu wa pili gari ilipoteza nguvu ghafla. Nikikanyaga inanguruma, haiendi, moshi mweusi nyuma. Gereji moja wakasema turbo imekufa, na wakawa nayo nyingine ya mtumba tayari kwenye shelfu. Nilishaanza kuchanga hela. Rafiki yangu mmoja mwenye kompresa akaniambia niende kwake kwanza. Tuliziba mdomo wa kuingilia hewa kwenye turbo kwa kifuniko cha bomba la maji la plastiki tulichokitoboa na kukipachika valvu ya tairi, tukapuliza hewa taratibu, tukapaka maji ya sabuni kila maungio. Chini ya intakula (rejeta inayopoza hewa ya turbo), kwenye lile bomba la plastiki lenye matawi mawili linalotoka kwenye turbo, povu likaanza kuchemka. Ufa mwembamba kama unywele, kwenye mshono. Tukabadilisha bomba. Turbo iliyokuwa "imekufa" ndiyo iliyopo mpaka leo.

Nimekueleza hivyo kwa sababu blo-ofu inayotoa hewa nje inafanya kazi ileile ya ule ufa. Sensa ya hewa ya gari hii iko baada tu ya ea klina, yaani inahesabu hewa kabla haijafika kwenye turbo. Kompyuta inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Ukiachia mafuta na hewa ikatolewa nje, petroli yake imeshatolewa na haina hewa ya kuungua nayo. Ndiyo maana magari yenye hicho kitu yanapiga baruti, yanatoa moshi mweusi na kuzimika kwenye mataa. Valvu ya kiwandani inairudisha ile hewa ndani, na inatosha kabisa kwa busti ya gari yako.

Kabla sijasahau, kuhusu umeme. Chini ya dashibodi juu ya pedali kuna plagi mbili za kijani ambazo kwa kawaida hukaa zimeachana. Zikiunganishwa gari inaingia kwenye hali ya majaribio: ukiweka swichi, feni zinawaka na kuzima zenyewe, pampu ya petroli inagonga, taa ya injini inapepesa. Jirani yangu aliambiwa kompyuta ya Subaru WRX yake imekufa. Niliinama na tochi, nikaziachanisha, ikaisha. Fundi aliyepita alisahau.

Matairi nayapitia haraka: yote manne saizi moja, aina moja, kuchakaa kwa kulingana. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi kama milimita 6. Ukichanganya mtumba na jipya unaua mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma, na utaanza kuona gari inang'ang'ania ukikata kona kali ya kupaki. Na kama nyuma imebonyea hata bila mzigo, huenda ina zile shokapu zinazojinyanyua zenyewe. Ukiweka za kawaida, badilisha na springi zake pamoja, maana springi za zile ni laini mno.

Ukishamaliza hayo, ndipo tuongeze nguvu, na sikukatazi. Breki kwanza: pedi nzuri, mafuta mapya ya DOT 4. Kisha geji mbili, presha ya oili na busti. Baada ya hapo egzosi na programu, na hivyo viwili viende siku moja. Egzosi ikiwa wazi, turbo inazunguka kirahisi na busti inapita kiwango kilichowekwa. Kompyuta ikiona hivyo inakata petroli ghafla, na kama haikukata, pistoni ndizo zinazolipa. Tena kumbuka ramani ya kiwandani ya gari ya soko la Japani ilitengenezwa kwa petroli ya huko ya oktani (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati) inayokaribia 100. Kwetu tunazungumzia 95 au chini ya hapo. Kwa hiyo programu utakayowekewa isiwe ile ya kupakua ya mtu wa Osaka. Iwe imepimwa barabarani, kwa petroli unayonunua wewe, na aliyeiweka akuonyeshe rekodi ya kugonga kwa injini (petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda) kwenye gia ya tatu kutoka chini mpaka juu. Akisema haina haja, ondoka na gari yako.

Kwa sasa usiagize kitu. Kesho asubuhi, gari ikiwa baridi, nipigie picha nne: stiki ya oili, vifuniko viwili vya maji namba zisomeke, rizevu tenki, na kibandiko cha mkanda kama kipo. Ziweke hapa tuendelee.