Xingyi kwa kitabu: bakia kwenye mkao mmoja kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kitabu cha mazoezi ya Xingyi, ile sanaa ya mapigano ya China, kilichotafsiriwa kutoka Kichina, chenye picha nyeusi na nyeupe na maelezo mafupi chini ya kila picha. Mwalimu wa sanaa hii sijampata. Nimeshapitia ngumi zote tano za msingi na sasa niko kwenye wale wanyama 12, yaani miondoko ya kuiga wanyama, ila goti la mbele linaniuma upande wa ndani kila ninapopiga hatua, na ngumi zangu naziona nyepesi tu. Kitabu kinasema "tumia nia, usitumie nguvu" na "shusha pumzi tumboni". Nikijaribu hiyo pumzi napata kizunguzungu. Je, sanaa ya ndani kama hii, inayotanguliza nia na pumzi kuliko nguvu za misuli, inafundishika kwa kitabu, au napoteza muda wangu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya yote, waache hao wanyama. Acha pia ngumi nne kati ya tano, ubaki na ile ya kupasua, pi quan. Na hata hiyo usiiguse mpaka goti litulie. Likivimba, au likiendelea kuuma hata ukiwa umepumzika, nenda kwa daktari kwanza.

Sasa nikujibu. Ipo sehemu ya Xingyi inayoshikika kwa kitabu, tena ni kubwa kuliko walimu wengi wanavyopenda kukiri. Sehemu hiyo ni mkao wa santi, ule wa kusimama mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mkono mmoja umenyooshwa na mwingine uko kitovuni. Picha inautendea haki mkao huo kwa sababu mtu anayesimama santi hasogei. Mwendo ni habari nyingine. Picha ya mtu aliyefika juu ya ngazi haikuambii alipandaje.

Umtazame Sun Lutang mwenyewe, bingwa wa Kichina wa sanaa za ndani. Mwaka 1915 alichapisha kitabu chake cha Xingyi, kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kuiweka sanaa hii hadharani, akafuatisha cha Bagua na kisha cha taichi mwaka 1921, sanaa nyingine mbili za ndani. Huyu ndiye mtu wa vitabu kuliko mabingwa wengi wa enzi zake. Lakini Xingyi aliipata kwa Li Kuiyuan na Guo Yunshen, Bagua kwa Cheng Tinghua, na taichi, akiwa tayari bingwa mwenye jina, aliipokea kwa Hao Weizhen baada ya kumuuguza mzee huyo alipougua Beijing. Vitabu vya aina hii vilimfaa zaidi mwanafunzi aliyekwisha kushikwa mkono na mwalimu, akahitaji cha kumkumbusha akiwa peke yake. Wewe unakisoma kuanzia upande wa pili, ndiyo maana kinakuelemea. Hilo halikuzuii kukitumia.

Simama santi hivi. Mguu wa kushoto mbele, vidole vikielekea mbele. Wa kulia nyuma, umegeuka nje kiasi cha nusu ya pembe mraba. Uzito mwingi uko mguu wa nyuma, ila wa mbele nao unafanya kazi. Magoti yote mawili yamekunjwa kidogo, na kila goti linatazama kule vinakotazama vidole vya mguu wake. Kiganja cha kushoto kiko mbele, usawa wa bega au juu yake kidogo, kiwiko kimeinama chini na hakijanyooka kabisa. Mabega yameshuka, utosi unapanda. Kisha kagua mstari mmoja: ncha ya pua, ncha ya vidole vya mkono wa mbele, na ncha ya mguu wa mbele, vyote vitatu viwe vimelingana. Mstari huo ndio zawadi kubwa ambayo kitabu kinakupa, kwa sababu unaweza kuukagua mwenyewe mbele ya kioo bila mtu wa kukusahihisha.

Urefu wa hatua usiupime kwa picha, maana aliyepigwa picha ana miguu yake. Inua mguu wa mbele taratibu. Ukiinuka bila kiwiliwili kuyumba wala kuegemea nyuma, umbali ni sahihi. Ukilazimika kujirusha nyuma ndipo uinuke, umetanua mno. Anza na dakika chache kila upande. Miguu itatetemeka, ni misuli imechoka, na naomba usianze kuita mtetemo huo chi, ile nguvu ya uhai inayosemwa kupita mwilini. Nimeona watu wenye bidii wakiiharibu miezi yao wakisubiri joto mikononi, huku mabega yao yamepanda mpaka masikioni.

Tuje kwenye goti, maana nadhani najua linaumia wapi. Fungua kitabu kwenye ngumi ya kupasua. Bila shaka kuna picha ya ngumi ikipanda mbele ya kifua, na nyingine ya kiganja kikiwa kimeshuka mbele. Kati ya picha hizo mbili mguu wa mbele unasogea nusu hatua ukigeuka nje, uzito unauingia, mguu wa nyuma unapita na kuwa wa mbele, kisha ule uliobaki nyuma unausukuma mwili na kufuata. Hapo unapogeuka nje ndipo pa kutazama. Unyayo ukigeuka na goti likabaki linatazama mbele, uzito wote unakuja juu ya goti lililosokotwa, na upande wa ndani ndio unaolipa. Zungusha kuanzia nyonga ili paja, goti na unyayo vigeuke pamoja, tena kabla uzito haujaingia. Fanya hatua tu, mikono kiunoni, polepole, mpaka uweze kusimama katikati yake wakati wowote bila kuyumba. Kama huwezi kusimama katikati, jua unaanguka kutoka picha moja hadi nyingine.

Hapo pia ndipo uzito wa ngumi yako unapopotelea. Pi quan huishia na kiganja wazi, na watu wengi wanaotumia kitabu hukipiga kiganja hicho kwa bega baada ya mguu kuwa umeshafika. Mkono na mguu vinatakiwa kufika kwa wakati mmoja. Bega na nyonga, kiwiko na goti, mkono na unyayo, hayo ndiyo maafikiano matatu ya nje ambayo kitabu chako lazima kimeyataja. Na mkono unaorudi kitovuni unavuta kweli, usiuache urudi wenyewe. Jirekodi kwa simu ukiwa upande, si mbele, kisha itazame polepole. Kisigino kikitua na kiganja bado kinasafiri, umeliona tatizo lako.

Kuhusu "tumia nia, usitumie nguvu": maneno hayo yanajulikana zaidi kwenye taichi, ni la sita katika mambo kumi ambayo Yang Chengfu, bingwa wa taichi, alimsimulia mwanafunzi wake Chen Weiming. Msuli unafanya kazi, usidanganywe. Kinachokatazwa ni kukaza misuli isiyohusika. Mwalimu wangu aliniwekea vidole viwili kwenye kigasha cha mkono wa mbele nikiwa kwenye santi na kuusukuma pole pole kuelekea kwangu. Bega likipanda, alisimama akangoja lishuke, ndipo akaendelea. Hakusema neno. Nilijifunza kupeleka ule msukumo mguuni kwa kungojewa hivyo, na sijaona sentensi iliyoweza kunipa jambo hilo. Tafuta ndugu au rafiki akufanyie vivyo hivyo. Hahitaji kujua Xingyi, anahitaji kusukuma kidogo na kuwa mvumilivu.

Pumzi iache. Pumua puani kwa kawaida, tumbo likiwa limelegea, usiizuie wala kuisukumia chini. Kizunguzungu ni ishara kwamba unailazimisha. Mkao ukikaa sawa, kifua kikalegea, pumzi hushuka bila kuambiwa.

Ukiweza kusafiri hata mara moja moja kumwona mwalimu wa Xingyi, nenda na santi yako na hiyo ngumi moja. Kwa siku moja atakurekebisha mambo ambayo angekosa nafasi ya kuyagusa kama ungempelekea wanyama 12.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 63. Mwanangu amenipa kitabu cha taichi chenye mtindo wa mikao 24 na pia ule mrefu wa Yang, tawi mojawapo la taichi. Nianze na upi? Nikitazama picha nachanganya kushoto na kulia.

JIBU: Shikamoo, mama yangu. Anza na ule wa 24. Ulitungwa China mwaka 1956, ukachukuliwa kutoka mtindo wa Yang na kufupishwa kwa ajili ya watu wote, na ukiuzoea unakwisha kwa dakika tano au sita. Kushoto na kulia fuata maandishi, usifuate picha, kwa kuwa aliye kwenye picha mara nyingi anakutazama wewe. Andika K na L kwa kalamu ya risasi pembeni ya kila picha kabla hujasimama. Kwenye mateke ya kisigino, namba 13 na 15, simama karibu na ukuta au kiti kizito, na mguu usipande juu ya pale unapoweza kuushusha bila haraka. Namba 16 na 17 mtu wa kitabuni atakuwa amechuchumaa karibu na ardhi. Wewe shuka kidogo tu. Kama una ugonjwa wa mifupa, moyo au presha, muulize daktari wako kwanza, na kitabu mpelekee akione.