Boti ya bure Tudor: hiyo trela isizungushe gurudumu hata mara moja

Wewe wa boti ya bure ya Tudor, hapa Mombasa, simama hapo hapo. Umeandika kwamba umepewa boti ya faiba ya futi 19, imelala uani kwa watu miaka, trela yake gurudumu moja halizunguki na jengine rimu imeoza, na kuna fundi kakuahidi atachomelea, atatia tairi za mitumba, kisha usiku muivute kwa pikapu ya rafiki mpaka Mtwapa, "pole pole tu". Hapo kwenye "pole pole tu" ndipo tumbo liliponivuruga. Nami niliambiwa hivyo hivyo. Boti nilipewa bure, na hayo maneno matatu yakanila zaidi ya laki moja.

Trela isitoke uani. Boti ipande juu ya lori. Ukiishia kusoma hapa, umeshapata la kupata.

Yangu ilikuwa Nyali, futi 17, chini ya mwarobaini. Mwenyewe alikuwa anahama, akanambia nichukue kabla ya mwisho wa mwezi. Kitu cha bure kina haraka, hilo nalo nilikuja kulijua baadaye. Nilimuuliza mtu mwenye lori la kreni, akanipigia 22,000. Nikacheka kwenye simu. Nikamwambia, "Mimi nimepewa boti, sikupewa benki." Yakhe, kuna maneno mtu huyasema akajiona hodari, kisha yakamrudia usingizini.

Ndio akaja fundi, simtaji. Akaizunguka trela mara moja, akaipiga ekseli, ule mhimili wa magurudumu, teke. Hilo teke ndilo lililokuwa kipimo chake, hakikuwapo chengine. "Hiki chuma cha zamani hiki, si kama vya siku hizi." Springi ilikuwa imevunjika, akaichomelea. Springi! Kitu kilichoundwa kipinde, yeye kakigandisha kama nguzo ya geti. Na ile ekseli ni bomba la mraba, lina uwazi ndani, kwa hiyo lilikuwa linaoza kutoka ndani huku nje lina rangi. Nikamuuliza, na beringi je? Akasema nshatia grisi. Kumbe kaipaka nje, juu ya kifuniko cha habu, kile kitovu cha gurudumu zinamokaa beringi. Mgonjwa anaumwa na tumbo, yeye anampaka mafuta ya nywele.

Sikiliza kinachotokea ndani ya ile habu, maana hili hakuna aliyeniambia. Trela ya boti kazi yake ni kuingia majini. Habu inatoka barabarani ina moto, inatumbukizwa kwenye maji ya chumvi, inapoa ghafla, na ikipoa inafyonza maji kupitia sili iliyochoka. Grisi inachanganyika na maji inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kisha trela inasimama pale pale miaka, beringi za upande wa chini zimekaa kwenye hiyo chai, chuma kinaliwa vishimo vishimo. Ukiinua kwa jeki ukazungusha gurudumu kwa mkono, linazunguka, labda kwa sauti ya mchanga tu. Barabarani kila kishimo ni moto. Na hilo lako halizunguki kabisa! Angalau langu lilijifanya zima.

Tairi za mitumba nazo, tazama ubavuni kuna namba nne mwisho wa yale maandishi ya DOT. 2309 maana yake imetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2009. Zangu zilikuwa na meno mazuri kweli kweli. Zilikuwa na umri wa kuanza shule ya sekondari.

Tulitoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri, barabara nyeupe. Shemeji anaendesha, mimi nimekaa nyuma ya pikapu nimeielekea boti kama mtu aliyepewa mwali amlinde. Tukapita kituo cha Lights. Bombolulu nikasikia harufu, kama kitunguu kilichoungua kwenye mafuta ya gari. Nikagonga paa, tukasimama. Nikaimiminia habu ya kushoto maji ya chupa, yakalia tsss yakapaa mvuke.

Sasa hapo ndugu yangu, Mungu alikuwa amenipa mlango wa kutokea, tena wazi. Mimi nikampigia fundi. Nimemwamsha, sauti ina usingizi, ananambia, "Hiyo ni grisi mpya, inazoea." Grisi inazoea! Kama mtoto wa chekechea. Na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikakata simu, nikamwambia shemeji twende.

Kabla hatujafika Mtambo, gurudumu likatoka zima pamoja na habu yake. Halikuanguka, liliendelea na safari. Likatupita kwa kushoto, likashuka kando ya lami, likaingia kwenye kibanda cha mama mmoja wa viazi karai, ndio kwanza anawasha jiko. Alhamdulillahi halikumgusa mtu. Karai lilikwenda. Yule mama wala hakupiga kelele. Alilivuta gurudumu, akalilaza, akalikalia, akasema, "Hili halitoki hapa mpaka tuzungumze." Tukazungumza. 3,500.

Lakini gurudumu silo lililoniumiza. Ekseli ilishuka ikachimba lami, trela ikainama kushoto, na boti ilikuwa imefungwa kamba ya katani omoni, yaani mbele, peke yake, kwa sababu fundi alisema uzito wake wenyewe unaishika. Ikalala ubavu. Kile chuma cha trela kinachobeba rola kikaingia tumboni mwa boti, karibu na tezi, yaani nyuma, tundu la kupita kiganja. Halafu ikaanza kutoa maji.

Tena si kidogo. Vijana walioamka mapema walishajaa, mmoja akasema, "Mzee, boti yako inajikojolea." Dakika ishirini na zaidi! Na mimi siku ya nyuma nilikuwa nimeikausha ngama, yale maji ya ndani ya boti, kwa kopo mpaka nikapangusa kwa kitambaa. Maji yalikuwa chini ya sakafu, kule kulikozibwa, na ile sponji ngumu waliyoijaza humo ili boti isizame imelewa mvua za masika zote tangu ilipoachwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi kumi ya lita 20 ni kilo 200 ambazo huzioni, hazimo kwenye karatasi yoyote, na zote zimekaa juu ya ekseli iliyooza. Mwenye kreni alipoiinua alitazama geji yake akanambia hii inakaribia tani, na hapo imeshakojoa.

Ndiyo, mwenye kreni ni yule yule niliyemcheka. Mara hii ilikuwa 35,000, maana ni Jumapili na ni barabarani. Hakunisimanga hata kidogo. Afadhali angenisimanga.

Hesabu nimeihifadhi kwenye simu mpaka leo: fundi 6,000, tairi 8,000, viazi karai 3,500, lori 35,000, kuziba faiba na kurudisha sakafu 58,000. Jumla 110,500. Sikutia zile saa mbili nilizosimama na askari ananiuliza namba ya trela iko wapi, ile inayoanzia na Z, bima iko wapi, na boti ni ya nani. Nilikuwa na meseji ya WhatsApp: "ichukue tu kaka". Kwa hiyo wewe muandikishane na huyo anayekupa, mtie sahihi, na nakala ya kitambulisho chake uwe nayo mfukoni.

Na wewe umetokea Tudor, maana yake huna budi kupita daraja la Nyali. Mimi nilianguka karibu na Mtambo asubuhi ya Jumapili. Ekseli ikikushukia pale juu ya daraja, foleni inarudi mpaka Buxton, na watakutukana kwa kila lugha ya pwani.

Sasa lori. Tafuta lenye kreni, si lile la kuvuta magari mabovu. Upime upana wa boti na upana wa karia, pale nyuma ya lori itakapolala, kabla hujalipa. Injini itoke kwanza, betri na tangi la mafuta vitoke. Kuinua ni kwa mikanda mipana, miwili, mmoja mbele na mmoja karibu na tezi, na waisogeze mpaka boti isimame sawa hewani kabla haijapanda juu. Mnyororo usikubali, unakata faiba. Juu ya lori ilalie mkuku, ule uti wake wa chini, na mbavuni kwake mjaze tairi kuukuu na magunia ya mchanga, kisha ifungwe omo na tezi, kulia na kushoto. Tazama na nyaya za stima zinazoning'inia getini. Kama lori haliingii uani, fanyeni kama wavuvi wanavyopandisha mashua: magogo chini, vijana wanane, haraambe, mpaka nje. Gogo halina beringi.

Kuna mtu hapo juu kakushauri uishushe Tudor maji ya bamvua, yale makubwa, yakijaa, ikokotwe kwa bahari mpaka Mtwapa. Njia ipo, unatokea mlangoni pale kwenye Fort Jesus unapanda kaskazini. Lakini chombo kilichokaa juu miaka hujui kinavuja wapi, na upepo wa kusi ukivuma huko nje hapana mama wa viazi karai wa kuzungumza naye. Hapana.

Trela ikishabaki, iuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kwa kilo. Nilipouza yangu alikuja yule yule fundi kuuliza kama ekseli nishaitoa. Wallahi.

Uliuliza na mambo ya injini ya farasi wangapi, rangi, na leseni. Leseni ya chombo nenda Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), hiyo fanya kabla hujaitia majini. Hayo ya injini na rangi tutayazungumza boti ikishafika, kwa sababu sasa hivi huna boti, una mzigo.

Leo jioni nenda kaitazame. Inyanyue omo kidogo kwa jeki na mbao, ufungue nguruzi, kile kizibo cha chini tezini, uweke ndoo, uhesabu. Kisha toboa tundu dogo kwenye sakafu karibu na tezi, uchomeke kijiti uone kinatoka kimekauka au kimelowa. Ukifika ndoo ya kumi na tano rudi hapa uniambie kama bado unavuta kwa pikapu.