Nyumba ya bibi inavunjwa, nichore au nipige picha tu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ilala, nachora kwa rangi za maji, huu mwaka wa tatu, na nachora vitu vya zamani tu, makanisa, misikiti, nyumba za Kariakoo. Sasa nyumba ya bibi mzaa mama ipo Kariakoo imeshauzwa, mnunuzi anapandisha ghorofa, tumepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nataka niichore ila kaka yangu anasema acha kujisumbua, piga picha na simu imeisha hiyo. Halafu picha zangu za mwaka jana zimeota ukungu, na nyumbani kila siku wananiuliza hii kazi italeta ugali lini. Naomba mwongozo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha za simu piga, tena nyingi, chumba kwa chumba, kaka yako hajakosea. Ila usiishie hapo, maana simu inamaliza sekunde moja unaondoka, lakini ukichora unakaa kwenye kigoda masaa matatu mbele ya nyumba ya watu na hapo ndo historia inakufuata yenyewe.

Nikupe mfano. Kuna siku nilikuwa Gerezani nachora nyumba moja ya zamani, nimeshamaliza bati naingia ukutani, mama mmoja katoka sokoni na kikapu chake akasimama nyuma yangu kimyaa, baadae akaniambia mwanangu umekosea, hilo si dirisha, huo ulikuwa mlango, marehemu baba alikuwa anauza mafuta ya taa hapo. Nikanyanyuka nikasogea mpaka ukutani. Kweli bwana, chini ya dirisha plasta ni ya rangi nyingine na kuna nyufa mbili zimenyooka kushuka mpaka chini, yaani mlango uliozibwa. Ningepiga picha nikaondoka ningeuita dirisha mpaka naingia kaburini.

Kwa hiyo kwa bibi anza na uani, usianze na mbele. Kila mtu anachora mbele, baraza na mlango, wakati nyumba ya Kiswahili watu wameishi uani, jiko lipo huko, choo huko, kamba ya nguo, mpapai, ndoo. Kisha rudi ndani uchore korido, ile ya vyumba vitatu huku na vitatu huku, simama mlango wa mbele uangalie mwanga wa uani unavyoingia mwisho wa korido. Hiyo picha moja ina thamani kuliko kumi za nje. Bibi mkalishe kitini pembeni yako na kila chumba muulize nani alilala, nani alizaliwa humo, mpangaji gani alikaa miaka mingi, uandike kwa penseli nyuma ya karatasi pamoja na tarehe na jina la mtaa. Penseli nasema, wino wa peni unaweza kuvujia mbele.

Na usiipambe. Kama bati lina kutu chora kutu, kama waya za umeme zimepita mbele ya dirisha ziache zipite. Vijana wengi nawaona wanachora Old Boma pale Sokoine Drive, jengo la enzi za Sultan Majid, miaka ya 1860, wanalichora kama vile magari na wapiga debe hawajawahi kupita pale. Inapendeza, lakini mtu wa miaka 50 ijayo umemdanganya.

Kuna kitu nataka ukisome kwa sauti pale nyumbani. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yanaanguka na miji inabadilika, kuna mradi ulianzishwa ukaitwa Recording Britain, wachoraji wakalipwa kwenda kuchora vijiji, makanisa, maduka na mabanda ambayo yanaweza kupotea, na nyingi walichora kwa rangi za maji. Zilipatikana picha zaidi ya 1,500 na leo zipo Victoria and Albert Museum, London. Kamera walikuwa nazo. Bado wakaona mchoraji ana kazi yake. Sisi nyumba ambayo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 pale mtaa wa Lumumba haipo tena ile ya asili, na mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Ukungu: ni Dar hii, unyevu, hasa masika. Picha isiingie kwenye kabati kabla haijakauka kabisa, ipe siku mbili. Zihifadhi kwenye boksi linalofunga, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, usizisimamishe kwenye ukuta wa nje. Ukiweka fremu, kioo kisiguse karatasi, acha nafasi kwa kadibodi. Na nunua karatasi ya pamba ya gramu 300, ni ghali najua, nunua shiti moja ukate nne. Jua nalo ni adui, baadhi ya rangi nyekundu zinafifia vibaya, soma kwenye tyubu kama inahimili mwanga.

Ugali sasa. Sitakudanganya, miaka ya mwanzo ni migumu na mimi nilifundisha watoto kuchora jioni ndo kodi ikalipika. Ila orijino za historia usiziuze haraka, uza kopi na kadi. Halafu familia kama yenu zipo nyingi, nyumba inavunjwa na wanataka kumbukumbu ukutani, hao ndo wateja wangu wakubwa, si watalii. Pita Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii pale Mikocheni, ukutane na wenzako, na ujue kwamba kuuza picha si kuuza hakimiliki, hiyo inabaki kwako mpaka usaini kuitoa, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kusaini.

SWALI: Mzee, nipo Kigamboni, nikipaka anga inatoka na madoa madogo madogo kama nyota, karatasi mbovu au mkono?

JIBU: Mkono wako hauna shida. Maji unachota wapi, kisimani? Kama ni ya chumvi ndo hayo, chumvi inavuta rangi wakati inakauka. Tumia maji ya kunywa, chupa ya nusu lita inatosha siku nzima, na brashi zisuuze kwa hayo hayo.

Yule wa Ilala, nyumba ikishavunjwa rudi tena siku hiyo hiyo uchore kiwanja, kabla hawajaweka mabati ya uzio.