Maswali na Majibu: Baiskeli Kando ya Danube

Wanaoniandikia kuhusu meli za mto Danube zenye matembezi ya baiskeli huuliza bei, mavazi na mahali pazuri pa kupiga picha. Wachache mno hujiuliza kama wanaweza kuendesha baiskeli. Ndiyo maana nimeanza na huyu aliyeuliza.

Mara ya mwisho niliendesha nikiwa sekondari. Je, nitaweza? (Nairobi)

Kwa hali uliyonayo leo, hapana. Ukifanya mazoezi ya mwezi mmoja, bila shaka. Kipande kinachopendwa zaidi, kutoka Melk hadi Dürnstein katika bonde la Wachau nchini Austria, ni takriban kilomita 30, na kwa kuwa sehemu kubwa inafuata ukingo wa mto, miinuko haitakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni kuendesha katika msafara, ukishika upande wa kulia ilhali umezoea kushoto, huku wenyeji waliozaliwa juu ya tandiko wakikupita kwa kasi baada ya kupiga kengele mara moja tu. Tena baadhi ya baiskeli za huko hufunga breki ya nyuma kwa kurudisha pedeli nyuma. Aliyezoea baiskeli ya gia ya kwetu hufika kwenye makutano, akazungusha pedeli kinyumenyume ili aiweke tayari kwa kuondoka, na hapo hapo gurudumu likakaza naye akaegemea jirani. Basi, kabla hujalipia chochote, nyonga kilomita 30 kila siku kwa siku mbili mfululizo. Nasisitiza mbili, kwa sababu maumivu ya tandiko huja siku ya pili.

Kutumia baiskeli ya umeme si udanganyifu? (Dodoma)

Si udanganyifu. Mota huacha kukusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, na usiponyonga haikupeleki popote. Ila ni nzito, kwa hiyo jifunze kuisimamisha kabla ya kujifunza kuikimbiza.

Nikichelewa, meli itanisubiri? (Mombasa, Dar es Salaam, na wengine wengi)

Nimekwisha kulijibu swali hili, na wanaoliuliza tena ni wale wasiosoma ratiba waliyoilipia. Ukiwa katika msafara wenye kiongozi, yeye huwasiliana na meli, na mambo hupangwa. Ukiazima baiskeli na kwenda peke yako, usitarajie kusubiriwa, kwa maana gati hupangiwa meli nyingine na malango ya kupitishia meli kwenye mabwawa ya umeme yana foleni yake. Isitoshe, mara nyingi meli haibaki pale ulipoiacha: inakushusha Melk nayo inateremka kukungoja Dürnstein. Andika kwenye karatasi jina la gati la kupandia, saa ya mwisho ya kurudi na namba ya simu ya mapokezi ya meli. Simu huishiwa chaji. Ukiachwa, nenda Krems, mji unaofuata, upande treni ya Vienna. Gharama ni yako.

Tufuate ukingo upi wa mto? (Zanzibar)

Katika Wachau, viongozi wengi hupenda wa kaskazini kwa sababu ya vijiji vyake. Mimi ningeanza na wa kusini, ulio mtulivu, hadi kijiji cha Arnsdorf, kisha nivuke kwa pantoni kwenda Spitz, ng'ambo ya kaskazini. Pantoni hiyo haina injini: imefungwa kwenye waya uliotandwa juu ya mto, na mkondo wenyewe ndio unaoisukuma hadi ng'ambo. Utakosa kupita Willendorf, kilikochimbuliwa mwaka 1908 kile kisanamu mashuhuri cha mwanamke cha Enzi ya Mawe, lakini kisanamu chenyewe kimehifadhiwa Vienna, kwa hiyo hasara si kubwa.

Kuna ubaya kuonja mvinyo njiani? (Kampala)

Upo. Sheria ya Austria inamhesabu mwendesha baiskeli kuwa dereva, na kikomo ni gramu 0.8 za kilevi kwa lita moja ya damu. Sielewi kwa nini waandaaji huweka kituo cha mvinyo katikati ya safari badala ya mwisho wake. Onja ukishafika.

Viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha? (Arusha)

Inatosha kwa Passau, Vienna, Bratislava na Budapest. Safari ikiendelea hadi Belgrade, utakuwa umetoka nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwani Serbia si mwanachama. Na ukiingia tena kupitia Romania au Bulgaria, zilizokamilisha uanachama wao tarehe 1 Januari 2025, utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Hujauliza kuhusu bima, lakini nakuonya: ile ya euro 30,000 inayodaiwa na ubalozi si lazima iwe inagharimia ajali ya baiskeli. Soma vipengele vya mambo yasiyolipiwa.

Nivae nini? (Nakuru)

Viatu vya kufunga, kofia ngumu hata kama sheria haikulazimishi, na suruali isiyoweza kunaswa na mnyororo.

Mwezi gani ni salama? (Kigali)

Hakuna mwezi wenye dhamana. Mei na Septemba hazina joto kali, lakini Septemba 2024 mafuriko yalisimamisha meli katika Danube ya Austria, na kiangazi cha 2022 maji yalipungua hadi usafiri ukatatizika. Hali hiyo ikitokea, abiria husafirishwa kwa basi na matembezi ya baiskeli hufutwa. Mtake wakala akueleze kwa maandishi, kabla ya kupokea malipo ya awali, utarudishiwa nini siku za baiskeli zikifutwa. Akikujibu kwa mdomo tu, tafuta wakala mwingine.