Kampuni ya meli usiyoijua: yaliyotukuta mimi na mama Salma huko Ghuba

Mkuu, umeuliza kama ni salama wewe na shemeji kulipia safari ya usiku 7 ya meli ya kitalii kutoka Dubai, kwa kampuni ambayo hakuna mtu unayemjua aliyewahi kuipanda, na bei imekuwa ndogo hadi ukaingiwa na wasiwasi. Nimewahi kukaa hapo ulipokaa. Mimi na mama Salma tulienda safari ya aina hiyohiyo mwezi Januari, likizo yetu ya kwanza ya watu wawili tangu tuoane miaka 12 iliyopita, watoto tukawaacha kwa bibi yao Tanga. Jibu langu ni refu, maana waliotangulia wamekwambia "nenda" au "usithubutu" bila kusema kwa nini.

Tuanze na utapeli. Kutoisikia kampuni si dalili ya kitu. Sisi huku meli tunazozijua ni boti za Unguja na zile za makontena tunazoziona zimetia nanga nje ya bandari. Kampuni inayobeba maelfu ya watu kila wiki huko Ulaya inaweza isijulikane na mtu hata mmoja Kariakoo nzima. Kwa hiyo usiulizie jina la kampuni, ulizia jina la meli. Kila meli kubwa ya abiria ina namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho ya shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, yenye tarakimu 7, na namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa au ikipewa jina jipya. Iandike kwenye tovuti yoyote ya kufuatilia meli. Yangu niliikuta imelala Doha, kesho yake nikaangalia tena, ipo Dubai, sawasawa na ratiba niliyotumiwa. Basi meli ipo na inafanya kazi.

Aliyenitia shaka ni wakala. Alitaka nimtumie pesa kwa simu, na jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi. Nikamshukuru, nikaingia tovuti ya kampuni yenyewe, nikalipa kwa kadi, nikapata namba ya nafasi yetu inayofunguka palepale na majina yetu yote mawili. Bei ilizidi ya wakala kwa dola 30. Nililala usingizi.

Mke wangu wasiwasi wake haukuwa wa pesa. Yeye ni mzaliwa wa Wete. Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, mtaani kwao matanga yalikuwa nyumba hadi nyumba. Tangu hapo hapandi chombo cha majini usiku, akienda kwao anapanda ndege ndogo. Nilipomwambia nimewaza likizo ya melini alinyamaza siku mbili. Ya tatu, tunakunywa chai, akauliza: "Baba Salma, maboya yao yanatosha?"

Sikuwa na jibu, lakini meli ilimjibu yenyewe. Kabla haijaondoka bandarini kila abiria lazima afanye zoezi la dharura: unakwenda kituo kilichoandikwa kwenye kadi yako, unaoneshwa jaketi linavyovaliwa, kadi inasomwa kwenye mashine, na ambaye hajafika anaitwa kwenye vipaza sauti. Sharti la kulifanya kabla ya kung'oa nanga, au mara tu baada ya hapo, lilikazwa kutokana na ajali ya Costa Concordia, Januari 2012 kule Italia, iliyoua watu 32. Wapo waliokuwa wamepanda siku ileile na zoezi lao lilipangwa kesho yake. Watu wengi wanalifanya kwa kununa, wamebeba simu. Mama Salma alimshika yule mhudumu maswali mpaka foleni ikasimama: mashua yetu ni ipi, inabeba wangapi, nani anaishusha, umeme ukikatika je? Kijana alijibu yote kwa upole. Kisha mama Salma akatembea kutoka chumbani hadi kituoni mara mbili akihesabu hatua, mara ya pili amefumba macho na mkono ukutani. Usiku ule alilala. Ninayejidai mtoto wa pwani ndiye niliyetapika. Upepo wa majira ya baridi kule wanauita shamali, ukivuma meli inayumba hata iwe kubwa kama uwanja wa mpira. Beba tangawizi.

Sasa visa, na hapa soma taratibu. Kosa letu lilikuwa hapa na lingetukatizia safari. Tuliomba visa ya Dubai ya kuingia mara moja, kama mtu anayekwenda kununua vitu Deira. Lakini angalia njia ya meli: Dubai, unatoka kwenda Oman, unarudi Emirati (Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai na Abu Dhabi) kupitia Abu Dhabi, unatoka tena kwenda Qatar, unarudi Dubai kupanda ndege. Hiyo ni kuingia Emirati mara tatu! Ya mara moja ingekuwa imeshatumika siku tuliposhuka uwanja wa ndege. Tuliokolewa na barua pepe ya kampuni iliyokuja siku 19 kabla, ikitaka tuthibitishe kwamba visa ni ya kuingia mara nyingi. Tukaomba upya, tukalipa upya. Kwa Oman na Qatar niliwaandikia kampuni nikataja uraia wetu, nikawaambia wanijibu kwa maandishi ni nini kinatakiwa kila bandari. Usikubali "haina shida" ya kwenye simu. Kwenye meza ya kuandikishwa ile barua waliisoma.

Jingine la Dubai: ina bandari mbili za meli za kitalii. Kuna Mina Rashid, upande wa mji wa zamani karibu na Bur Dubai, na kuna Dubai Harbour, huko Marina karibu na Palm Jumeirah. Katikati yake ni mwendo wa nusu saa na zaidi kwa gari, foleni ikiwapo sahau. Mimi nilimwambia dereva teksi "bandarini, kwenye meli kubwa", naye akatupeleka kwenye meli kubwa. Haikuwa yetu. Mama Salma hakusema neno njia nzima ya kwenda ya pili, na wewe uliyeoa unajua ukimya wa namna hiyo.

Chumba tulichukua cha ndani, kisicho na dirisha, kwa sababu ya bei. Siku mbili za kwanza niliona nimefanya jambo la maana. Siku ya tatu nikaamka sijui kama ni alfajiri au adhuhuri. Kwa wawili wanaosafiri kwa mara ya kwanza, ongeza pesa mpate angalau dirisha. Kama haipo, basi kubalianeni kwamba chumba ni cha kulala tu, mchana mpo sitahani. Na pasi ya kunyooshea nguo acheni nyumbani. Ya kwetu, ndogo kabisa ya safari, ilikamatwa kwenye mashine ya ukaguzi tukapewa risiti, tukarudishiwa siku ya kushuka. Hawataki chombo cha moto chumbani. Kanzu yangu niliyoipanga kwa usiku wa mavazi rasmi nikaivaa na mikunjo yake ya sanduku, na bado wazungu walitaka kupiga picha nami.

Pesa. Hapa ndipo kampuni usiyoijua inakuchanganya, kwa kuwa hujui desturi zake. Sisi tulilipa dola 480 kila mmoja, tukajua tumemaliza. Halafu kuna ada ya huduma, kwetu dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku, yaani 168 kwa wawili, inaingia kwenye bili yenyewe bila kuulizwa. Chakula ni bure, ila kwenye mgahawa wa jioni wa kuhudumiwa mezani maji ya chupa yanalipiwa. Maji! Tulikuja kugundua siku ya pili kwamba kwenye ukumbi wa kujipakulia kuna mashine ya maji ya bure. Wakati huo tulishanunua kifurushi cha vinywaji visivyo na kilevi, dola 190 wawili, na hawarudishi. Sharti lao lilikuwa waliomo chumba kimoja wachukue wote, kwa hiyo mmoja akitaka na mwingine hataki, mnalipa wote. Intaneti 45. Bili ya mwisho ilikuwa dola 403, karibu nusu ya nauli, na hatukula anasa yoyote. Kwa hiyo ile bei iliyokutia wasiwasi, mkuu, chukua nusu yake ujumlishe, ndiyo bei.

Tena ukitumia kadi ya kawaida ya benki ya hapa nyumbani, wanashikilia kiasi kama dhamana siku ya kwanza. Kwetu walishika dola 250, na wakati wa kulipa bili wakakata 403 kamili juu yake. Zile 250 zilirudi baada ya siku 12. Hazikuibiwa, ila kwa siku hizo 12 hukuzipata na mtoto anadaiwa ada. Uliza kama unaweza kuweka dhamana ya fedha taslimu, sisi tulikuja kuambiwa inawezekana wakati tumeshachelewa. Na simu iweke hali ya ndege tangu meli inapoondoka, kwa sababu katikati ya bahari inadaka mtandao wa meli wenyewe na salio linayeyuka bila wewe kupiga.

Umeuliza pia kuhusu chakula na sala. Tuliandika kuhusu halali wiki 3 kabla, na tulipofika msimamizi wa meza alikuwa na jina letu, akatuonesha kila jioni kipi tule. Siku ambazo hakuwa na uhakika alisema hana uhakika, tukala samaki, na hilo lilinifanya nimwamini. Kibla kilitupa kazi. Dar tumezoea kaskazini, kule ni magharibi, na meli inageuka unapolala. Dira ya simu ndani ya chumba cha chuma ilikuwa inazunguka kama pia. Tukapata dawa kwenye televisheni: ipo chaneli yenye ramani inayoonesha meli imeelekea wapi. Tunasoma ramani, tunatandika mswala, tunaswali kwa kupunguza na kukusanya.

Muscat, sasa. Meli inatia nanga Mutrah, Bandari ya Sultan Qaboos. Huruhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya bandari, kuna basi la bure mpaka getini, na kutoka hapo soko la Mutrah unalifikia kwa miguu ukifuata ukingo wa bahari. Tusichukue ziara ya kulipia, nilisema, na hilo sijutii. Ndani ya soko mama Salma akanong'ona kwa Kiswahili kwamba ubani ni ghali. Mzee aliyekaa nyuma ya meza akajibu: "Basi sema wewe bei, mwanangu." Kiswahili cha visiwani, safi. Alizaliwa Chake Chake, akaondoka mdogo na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Wako wengi Oman wenye historia hiyo, hasa waliokwenda baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Akatuletea kahawa na haluwa. Akauliza karafuu zinauzwaje siku hizi, akauliza barabara ya kwenda Wete imekuwaje. Mke wangu akamweleza, kona kwa kona. Mimi nilikuwa mgeni pale, nikakaa kimya nikala haluwa.

Tulisahau saa. Abiria wote walitakiwa wawe wamerudi saa 11 jioni na tulifika getini saa 11 kasoro dakika 12, tunakimbia, mama Salma ameshika buibui kwa mkono mmoja na ubani kwa mwingine. Ukiwa kwenye ziara ya meli wenyewe, wanakungojea. Ukienda kivyako, meli inaondoka na mabegi yako. Na angalia saa ya simu: Dubai na Oman wapo saa moja mbele yetu, Doha wapo sawa na Dar. Simu inajibadilisha nchi kavu, lakini ratiba inafuata saa ya meli. Vaa saa ya mkononi.

Khasab, huko ncha ya Musandam karibu na mlango bahari wa Hormuz, ndiyo siku niliyoipenda. Kipande hiki cha Oman kimetengwa na Oman nyingine kwa ardhi ya Emirati. Milima mikavu inaingia baharini wima, bila mti. Tulikodi nafasi kwenye jahazi palepale gatini, likatupitisha kwenye hori hadi kisiwa ambacho Waingereza walikuwa na kituo cha telegrafu, simu ya maandishi, katika miaka ya 1860. Pomboo wakatufuata. Abu Dhabi na Doha tulipita tu, mtu ukishaona maghorofa mawili umeona yote.

Kama shemeji anaogopa maji kama wangu, usimbembeleze kwa maneno, mpe namba na taarifa ajisomee. Wangu bado anakwenda Pemba kwa ndege, ila amekwishaanza kuuliza bei za mwakani, na safari hii anataka dirisha. Msimu kule ni kuanzia Novemba hadi Machi hivi, kiangazi chao hakitembeleki kwa joto. Ukipata jina la meli na namba yake ya IMO iweke hapa, na useme pasipoti zenu ni za nchi gani, nikuangalizie jioni nikitoka kazini.