Usihame kwa ajili ya ngozi

Mwanangu,

Marahaba, na barua yako nimeisoma mara mbili. Umezunguka sana, lakini swali lako ni moja: mbona pumu ya ngozi, yaani ukurutu, inatulia, halafu majira yakigeuka inarudi upya? Baridi kavu ikija unapasuka vidole, joto la unyevunyevu likija unajikuna usiku kucha. Na unaniuliza kama uhame. Kabla hujafunga mizigo, nisikilize.

Ngozi yako haikai na maji. Wengi wenye hali hii tabaka lao la juu lina upungufu wa mafuta yake ya asili, na baadhi wamerithi hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayoliimarisha tabaka hilo. Unyevu unatoka kirahisi, na sabuni, vumbi na vijidudu vinapenya kirahisi vilevile. Hewa kavu inaufyonza unyevu uliobaki. Joto nalo linakuja kwa njia nyingine: jasho linakauka, chumvi inabaki juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka, na muwasho unaanza. Umesema unapaka mafuta yaleyale mazito mwaka mzima. Hapo ndipo penye kasoro.

Wakati wa baridi, endelea nayo, tena usiyaonee huruma. Mtu mzima mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kumaliza robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki. Kikopo kidogo kikikukalia miezi miwili, ujue hupaki. Oga maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, basi. Najua maji ya moto yanavyopoza muwasho, lakini raha hiyo ni ya dakika chache, baadaye ngozi inakauka zaidi. Jifute kwa kugusagusa taulo, usisugue, na upake ngozi ikiwa bado mbichimbichi. Weka mafuta kwa vidoa vidoa mkononi, kisha shusha kiganja kufuata nywele ndogo za mwili zinakolalia. Ukisugua kwenda na kurudi unaziba vinyweleo, na mwendo wenyewe unaamsha muwasho. Halafu kaa mbali na moto na hita: nguo na mashuka yaliyonywa mafuta yanashika moto haraka, hata yakiwa yamefuliwa.

Wakati wa joto, geuza. Mchana tumia krimu nyepesi au losheni isiyo na manukato, mafuta mazito yasubiri usiku, na hata usiku kama umelala unatoka jasho yapunguze. Yakilala juu ya jasho yanalizuia, na unapata vipele vya joto juu ya ukurutu. Ukitoka jasho usilisubiri likauke. Suuza kwa maji matupu, jikaushe, paka kidogo. Nguo ziwe za pamba, zisibane. Kiyoyozi si kibaya, ila kinakausha hewa, kwa hiyo ukikaa ofisini kutwa nzima chini yake unaishi majira ya baridi katikati ya joto. Beba krimu mfukoni. Unyevunyevu pia unawapendeza wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani, ambao huchochea muwasho, basi fua mashuka kwa maji ya moto kila wiki.

Kuhusu dawa ya steroidi, ile ya kupaka inayotuliza uvimbe wa ngozi, ambayo unaiogopa: hofu yako naielewa, ila kuipaka kiduchu kwa wasiwasi, leo ndiyo kesho hapana, kunakurefushia ugonjwa. Ikamue kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Paka palipochachamaa, kwa siku ulizoambiwa na daktari, na uache kama nusu saa kati yake na mafuta. Usoni na kwenye mikunjo inatakiwa ile isiyo kali. Wala usiguse krimu za kung'arisha ngozi, maana nyingine zimefichwa steroidi kali ndani.

Usitafute wekundu peke yake. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu ukurutu mara nyingi unaonekana kijivu, zambarau au weusi uliozidi, na mtu asiyezoea atakwambia huna kitu. Pitisha kidole: pakikwaruza na pana joto, umeanza. Yale madoa yanayobaki baadaye, meusi au meupe, si ugonjwa unaoendelea. Yanafifia, ila yanachukua miezi.

Pakitoa maji ya manjano yanayoganda, nenda hospitali, huenda vijidudu vimeingia. Ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yanauma, yanasambaa upesi huku una homa, nenda siku hiyohiyo, usingoje kuche. Hiyo yaweza kuwa virusi vya hepesi, na vikikaribia jicho ni hatari.

Kuhama sijakukataza, hama kama kazi inakuita. Ila hukunijibu: hiyo dawa uliyoandikiwa inaitwaje, na unaipaka mpaka usoni?

Mama yako