Usiiuze The Witcher 3 bado

Ndugu yangu, unasema umecheza mchezo wa video wa The Witcher 3 kwa saa 10 hivi, hadithi inakuvuta lakini mapigano yanakuchosha, sasa hujui uiuze ununue mchezo mwingine, Sekiro, au uweke akiba ya kununua GTA VI.

Mimi nisingeiuza. Ni kweli upanga wa Geralt, mhusika unayemchezesha, hauna uzito: unakwepa, unapiga, unarudia. Ila utamu wa mchezo ule wa 2015 uko kwenye maandalizi. Soma kwanza habari za zimwi unaloliwinda, paka upanga mafuta yanayolifaa, washa ngao ya kichawi ya Quen ndipo uingie. Bado ni kero? Shusha ugumu, hakuna wa kukucheka. Fika walau mwisho wa kisa cha Bloody Baron kule Velen. Yule ni mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe. Unataka kumchukia moja kwa moja, na mchezo haukuachii ufanye hivyo kirahisi.

Sekiro ni kinyume kabisa. Hadithi unaiokoteza vipande vipande, lakini kila panga zikigongana kuna maana: badala ya kumchosha adui kwa majeraha tu, unamvunja msimamo kwa kukinga mapigo kwa wakati. Ngazi ya ugumu ya kuchagua hakuna, kwa hiyo kama una hasira za karibu, pole kwa padi yako ya kuchezea. Yangu ina ufa.

GTA VI imeahirishwa zaidi ya mara moja. Usilipie mapema, ikitoka, sikiliza waliocheza wanasemaje ndipo utoe pesa.